Karamu ya Baba na Mama Ng'ambo ya Ruvuma

Baba na mama walipooana hapakupigwa ngoma. Mama alikuwa Mmakonde wa Mkunya, huko juu uwandani karibu na Newala, na baba alikuwa Myao wa Masasi, Mwislamu, mshonaji wa kanzu na kofia aliyekuwa akizunguka na wafanyabiashara wa nguo. Wajomba wa mama walikuwa bado wanakumbuka jinsi Wayao walivyokuwa wakipanda uwandani kukamata watu na kwenda kuwauza pwani. Walikubali posa shingo upande, wakapokea mahari, na siku ya ndoa ilipofika kila mmoja akawa na udhuru wake. Wa upande wa mama alikuja mmoja tu, mdogo wake wa kiume. Huyo ndiye mjomba wangu nitakayemtaja sana humu. Alikula peke yake chakula kilichopikwa kwa ajili ya watu wengi, akashindwa kuinuka. Mama alipokuwa akisimulia habari hiyo alicheka, lakini sisi watoto tulijua si kicheko kitupu.

Baba yeye alipenda kusimulia walivyokutana. Alikuwa akipita Mkunya na mzigo wa nguo, jua kali, akamwona msichana anaingia uani na mtungi kichwani. Akaomba maji. Kwao Masasi visima viko karibu, mtu haoni neno kuomba maji. Hakujua kwamba pale juu hakuna maji kabisa, kwamba wanawake huteremka bondeni alfajiri na kupanda nayo jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mama akampa kata moja. Akanywa, akaomba ya pili. Mama akamtazama, akampa. Akaomba nyingine ya kunawa uso.

"Nawa kwa mate," mama akamwambia.

Wenzake wakacheka, ndipo mzee wa nyumba akamweleza maji yale yametoka wapi. Kesho yake wenzake walipoondoka baba alibaki. Aliazima mtungi, akateremka na wanawake, akarudi nusu ya maji ikiwa imemwagika kwa kuwa hakujua kubeba kitu kichwani bila kukishika. Wanawake walimwimba njia nzima. Mama alisema alimwona vile kalowa mabega, kanuna, akajua kuwa mtu huyo hatamtesa.

Basi akamfuata Masasi. Kwake yeye huo ulikuwa ugeni wa kwanza. Tulizaliwa watatu chini ya vile vilima vya mawe: dada yangu, kisha kaka, kisha mimi. Kwa desturi ya kwetu mtu akishapata mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Baba alimwita mama kwa jina la dada, na mama naye akamwita baba kwa jina hilohilo, hata likawa linasikika nyumbani kutwa nzima, akiitwa dada au wakiitana wao. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimekaa miaka mingi bila kulitamka mbele za watu na mkono wangu nao umezoea hivyo.

Dada alikuwa mrefu, mweusi, mwenye meno yaliyoachana mbele. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kulia. Yeye ndiye aliyenifundisha kusonga ugali, akanishika mikono yangu ndani ya mikono yake ili mwiko usinishinde. Mama alimtegemea kama mtu mzima.

Vita vya maji vilitukuta hapo Masasi. Walikuja watu kutoka magharibi na dawa yao, wakisema risasi za Wadachi, ndivyo tulivyowaita Wajerumani, zitageuka maji. Wengine tuliwafahamu kwa sura. Misheni ikachomwa, tukauona moshi ukipanda juu ya miti. Watu wale walipita kwetu wakataka chakula. Baba hakuwa na la kufanya; walichukua mbuzi na mtama, mmoja wao akamshukuru na kumwombea dua kama vile amepewa kwa hiari. Baadaye wakaja Wadachi na askari wao. Hao hawakuomba. Vihenge vyote vya nafaka vilivyokuwa kando ya njia vilitiwa moto, na harufu ya mtama unaoungua ilikaa katika nguo zetu. Jirani mmoja aliyekuwa akilitamani shamba letu akaenda kusema kwamba baba aliwalisha wapiganaji na kwamba naye alikunywa dawa. Kwa maneno kama hayo watu walikuwa wananyongwa.

Tukatoka bila kuaga, tukapanda uwandani mpaka Mkunya. Safari hii wajomba wa mama hawakuwa na udhuru. Walitupokea, wakamficha baba kichakani, wakampelekea chakula huko. Lakini boma la Newala halikuwa mbali, na ikasikika kwamba wanatafutwa wote waliokimbia kutoka Masasi. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza. Mjomba akasema, "Shemeji, hapa watakukamata na sisi tutachomewa nyumba. Nitawapeleka mtoni. Upande wa pili ni kwa Wareno, Mdachi hana amri kule."

Tuliteremka kwa njia ya mwinuko, matope, kaka yangu akiwa na homa kali mgongoni kwa baba. Ruvuma wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu na mikondo midogo, mtu anavuka kwa miguu. Sasa ulikuwa umejaa, maji mekundu yanakwenda na magogo. Tulimkuta mtu mwenye mtumbwi mdogo. Alitutazama, akasema hawezi kutuvusha wote kwa mara moja. Atavusha wachache, kisha arudi.

Baba ndiye aliyepanga. Kaka alikuwa hajiwezi, lazima awe na mama. Mimi nilikuwa mdogo. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akitafutwa, na mwenye mtumbwi alitaka mwanamume wa kumsaidia kupiga kasia. Akamgeukia dada.

"Wewe ni mkubwa. Utakuja na mjomba wako."

"Ndiyo, baba," dada akasema.

Mimi nilikuwa nalia kwa kuogopa maji. Dada akanibeba akanitia mtumbwini, akaniambia nifumbe macho, nikifumbua nitakuwa nimefika. Akacheka alipoona nimeyafumba kweli. Nilifika nimeyafumba hivyo, ndiyo maana sikumtazama.

Mtumbwi ulikuwa umegusa ng'ambo tuliposikia bunduki. Askari walikuwa wameteremka kwa njia ileile tuliyopita. Mwenye mtumbwi akausukuma akaruka ndani, akajiachia na mkondo akapotea kwenye kona ya mto. Hatukumwona tena. Upande tuliotoka majani yalikuwa marefu na mvua ilikuwa inanyesha, hatukuona mtu. Mama aliita. Aliita mpaka baba akamziba mdomo kwa kiganja chake, kwa kuwa risasi zilikuwa zinaanza kuanguka majini karibu nasi.

Hatukwenda mbali na mto. Baba alipata ardhi kwa mzee mmoja wa Kimakhuwa, akajenga kibanda, na pale tukakaa kungoja. Mama alikuwa na hesabu yake moja kichwani: maji yakipungua, mtoto atavuka kwa miguu. Kila siku akishamaliza kazi alikwenda kivukoni. Waliovuka aliwauliza wote. Wengi hawakujua lolote. Mmoja alisema Mkunya imebaki nyumba tupu, watu wametawanyika.

Kiangazi kikafika, mto ukawa mchanga. Wafanyabiashara wa chumvi wakaleta habari kwamba vita vimekwisha, Wadachi wanawataka watu warudi mashambani. Nakumbuka jioni hiyo vizuri kwa sababu ndiyo mara ya kwanza kuwasikia baba na mama wakigombana.

"Turudi," baba alisema. "Yule mtoto yuko na mjomba wake. Na mjomba wake akiwa hai, atakuwa Mkunya."

"Mkunya hakuna mtu. Umesikia mwenyewe."

"Basi niende mimi peke yangu nikatazame."

"Wakunyonge?" Mama alikuwa ameshika kanzu ya baba kwa mikono miwili. "Ukienda usirudi nitabaki na nani? Mtoto alituona mara ya mwisho hapa. Ana akili yule. Atakuja hapahapa. Tukiondoka yeye akaja, atamkuta nani?"

Baba alirudia maneno yake siku nyingi. Kila mara mama alijibu yaleyale, na mara ya mwisho alisema kwamba baba akivuka mto ule yeye atangoja maji yajae kisha ajitie humo. Baba akaacha. Hakulisema jambo hilo tena.

Mvua zikarudi, mto ukafunga. Ndio mwaka wa njaa ile kubwa. Hata upande wetu tulichimba ming'oko porini, tukala na mizizi ambayo ilibidi kulowekwa kwanza isituue. Waliovuka kiangazi kilichofuata walikuwa mifupa inayotembea, na mama aliwatazama usoni mmoja mmoja.

Miaka ikaenda hivyo. Tulikua katika nchi ya watu. Wenyeji walituita wakuja, si kwa ubaya, lakini hata tulipokwisha kusema Kimakhuwa kama wao bado tulikuwa wakuja. Wareno nao walikuwa na kodi zao na shuruti zao. Baba alishona. Nguo zilipokosekana alishona magunia. Mama alifinyanga vyungu, na vyungu vyake vilijulikana, maana aliweka ukingoni alama za kwao zinazofanana na chale alizokuwa nazo usoni. Jioni baba alimfundisha kaka kusoma juzuu, na mama alikaa karibu akibangua karanga, akimsahihisha kaka kwa kusikia tu, ingawa yeye hakujua herufi hata moja. Baba alikuwa akicheka, anasema Mungu amempa mwalimu aliyefunga macho.

Watu wazima wa huko walimwita baba kwa jina la kaka, kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa waliyemwona. Baba aliitika. Lakini ndani ya nyumba wao wawili waliendelea kuitana kwa jina la dada. Nililisikia jina hilo likitajwa kwa mambo madogo kabisa, nipe chumvi, sogeza taa, mgongo unaniuma, na kila likitajwa mimi nilitega sikio.

Sikuwahi kumwona baba akimnyanyulia mama mkono. Miguu ya mama ilikuwa inapasuka wakati wa kiangazi, naye baba aliipaka mafuta ya nyonyo akiwa ameiweka mapajani kama kitambaa anachotaka kukishona. Mama alikuwa akimnunia siku nzima na jioni akamtengea finyango nzuri ya nyama. Wengi wa rika lao walikuwa wamekwisha kufiwa au kuachana. Wao walikuwa wamebaki wawili, na mimi nilipoolewa na kijana wa Kimakhuwa wa kijiji cha jirani, nilichoomba kwa Mungu ni nyumba kama ile.

Wazo la karamu lilikuwa la kaka. Alikuwa amekuwa kijana mkubwa, anabeba chumvi na samaki wakavu kati ya vijiji. Siku moja alinijia kwangu, akakaa kizingitini.

"Baba na mama hawakufanyiwa harusi," alisema. "Tuwafanyie."

Nilicheka. Sijawahi kusikia watoto wakiwafanyia wazazi wao harusi. Lakini alikuwa anasema kwa dhati. Tutachinja mbuzi, tutamwita mwalimu wa chuo cha Kurani asome dua, mama atavaa nguo mpya na wanawake watampigia vigelegele vile alivyovikosa. Nilipokubali ndipo akaniambia la pili. Mfanyabiashara mmoja wa chumvi alikuwa ametoka Newala, akamtaja mtu wa Mkunya. Kaka alimhoji sura, umri, alivyosema, na kovu la shoka mguuni lililomfanya achechemee tangu zamani. Alikuwa mjomba. Yuko hai.

Kisha mimi nikasema lile ambalo yeye alikuwa anaogopa kulisema: "Kama mjomba yuko hai, na dada yupo."

Tulimtuma mfanyabiashara yule arudi na maneno haya: dada yako na mumewe wako hai ng'ambo, watoto wao wanawafanyia karamu mwezi fulani ukiandama, uje, na uje na mtoto wetu. Mama hatukumwambia. Tuliogopa kwamba mtu yule amekosea, na mama angekaa kivukoni bila kula hadi siku hiyo. Ila mimi nilimtengea dada mkeka nyumbani kwangu. Nilimwambia mume wangu dada yangu anakuja, naye akatengeneza kitanda cha kamba.

Siku ya karamu watu walijaa. Mchele ulitoka bondeni, kambare walitoka mtoni, mbuzi alichinjwa, na wanawake wa Kimakhuwa walikuja na vyungu vyao na nyimbo zao. Baba alikuwa amevaa kanzu aliyojishonea mwenyewe, akiona haya, akishikashika ukosi. Mama walimweka ndani wanamsuka na kumpaka mafuta. Nilipochungulia alinikonyeza. "Mnanichezea uzeeni," alisema, lakini ndonya yake, lile pambo la mti katika mdomo wa juu, ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Sijui kama niliwahi kumwona mzuri kama siku hiyo.

Mimi nilikuwa natoka kila mara kutazama njia. Chakula kilikuwa kinaanza kupakuliwa nilipomwona mtu anakuja anachechemea, kichwa kimejaa mvi, ameshika kuku wawili miguu, na mfuko wa mtama begani. Nilimjua kwa mwendo. Nikamkimbilia, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama sana. "Wewe ndiye yule mdogo?"

"Ndiye mimi." Nilikuwa natazama nyuma yake. Njia ilikuwa nyeupe, nyasi huku na huku, na hapakuwa na mtu. "Dada yuko nyuma?"

Mjomba aliwaweka kuku chini taratibu. "Yule mtu wenu alisema nije na mtoto," alisema. "Nikadhani amekosea maneno. Nikasema hawa hawawezi kuwa hawajui."

Kaka alikuwa amefika, akamshika mjomba mkono, akamwomba kwa sauti ya chini asiseme chochote mpaka watu wamekula na mama ameshangiliwa. Mjomba akaitikia kwa kichwa. Lakini mama alikuwa ameisikia sauti yake. Alitoka ndani nywele nusu zimesukwa, wanawake wakimfuata na vigelegele, maana walidhani amezidiwa na furaha. Alimkumbatia mdogo wake akaangua kilio. Walilia wote wawili na watu wakalia nao na kucheka. Halafu mama akamwachia, akatazama njia kama mimi nilivyoitazama.

"Uliachwa naye," alimwambia. "Yuko wapi?"

Mjomba alikaa chini. Mama naye akakaa mbele yake, palepale mchangani, na nguo yake mpya. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja.

Mjomba alisema askari walipowafyatulia risasi alimshika dada mkono wakaingia kichakani. Walikaa huko mpaka askari walipoondoka, kisha wakarudi uwandani. Mkunya watu walikuwa wamejificha, ndiyo maana wapitaji waliona nyumba tupu, lakini walirudi kidogo kidogo. Baadaye jamaa wa mwenye mtumbwi walileta habari kwamba mtumbwi ulipinduka na wote waliokuwamo wamekufa maji. Wazee wakafanya matanga yetu. Dada peke yake ndiye aliyekataa kunyolewa nywele. Alisema yeye alituona tukishuka upande wa pili, alimwona baba akimshika mama. Hakuna aliyemsadiki.

"Kiangazi chote alikuwa anakwenda pale mwinuko unapokatika, kule unakoonekana mto," mjomba alisema. "Nikimwita arudi anasema, mjomba, mama hawezi kuniacha, maji yakipungua watavuka waje. Alitaka kuteremka mwenyewe. Mimi ndiye niliyemzuia. Niliogopa askari. Nilimwambia angoje nyumbani, kwamba kama mko hai mtakuja nyumbani."

"Halafu?" mama alisema.

"Halafu ikaja njaa. Alikuwa anawapa watoto wangu fungu lake. Mvua zilikuwa zimeshika, mtama uko magotini. Hakuugua siku nyingi. Nilimzika mimi mwenyewe. Baada ya hapo niliondoka Mkunya nikaenda upande wa Chidya, sikutaka kukaa pale. Nimerudi juzi juzi tu."

Mama hakulia. Aligeuka akamtafuta baba kwa macho. Baba alikuwa amesimama nyuma yake na kanzu yake nyeupe.

"Ule mwaka," mama alimwambia. "Ni ule mwaka uliosema turudi."

Baba alipiga magoti mbele yake.

"Mimi sikusema turudi," alisema.

"Ulisema. Ulisema siku nyingi. Mimi nilikushika kanzu."

"Sikumbuki," baba alisema. "Wallahi, mke wangu, sikumbuki jambo hilo."

Baba hakuwa mtu wa kusahau. Alikumbuka kipimo cha shingo cha kila mtu aliyewahi kumshonea. Na hakuwa mtu wa kuapa, sisi alitukataza. Mama alimtazama muda mrefu, akamwekea mkono shavuni, kisha akaweka paji la uso begani kwake, ndipo sauti ikamtoka. Sauti hiyo siwezi kuieleza. Watoto waliokuwa wanacheza mbali walikimbia kuja kutazama.

Mwalimu aliyekuja kusoma dua ya ndoa alisoma hitima. Chakula kilekile tulichokipika kwa furaha kililiwa kwa matanga. Wanawake waliokuja na nyimbo walivua shanga, wakakaa chini na mama. Sikupata kuona wenyeji wakitufanyia wema kama ule. Tangu siku hiyo sikusikia tena tukiitwa wakuja.

Baada ya matanga baba na mama walisema watarudi Mkunya. Mimi nilikuwa na mume na mimba, sikuweza kuwafuata kukaa, ila niliwasindikiza. Tulivuka Ruvuma kwa miguu. Maji hayakufika magotini. Mama alisimama katikati, akayatazama yakimpita vifundoni, na baba akasimama naye bila kumharakisha.

Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba la mjomba, vichaka vimelifunika. Baba aliomba panga, akafyeka mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Alipomaliza alisoma alichosoma, akasogea kando. Mama alikaa hapo akaongea na dada kwa Chimakonde, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepika na binti yake. Alimweleza kaka amekuwaje, mimi nimeolewa na nani, nyumba yetu ilikuwa wapi na kivuko kiko wapi. Alipofika kwenye kivuko alishindwa kuendelea. Baba akaja akamshika bega, akamalizia yeye.

Walijenga hapo, na kaka akabaki nao. Baba alijiandikisha bomani Newala kama mtu yeyote. Hakuna aliyemuuliza habari za Masasi, hata yule jirani alikuwa amekwisha kufa. Mama aliishi, alilima, alifinyanga. Lakini alikuwa amepungua. Ukiongea naye ilibidi usubiri jibu. Baba alisubiri kila mara, hata kwa neno dogo.

Habari za kifo cha baba zilinikuta mto ukiwa umejaa. Nilikaa na msiba wangu upande huu hadi maji yalipopungua, kisha nikambeba mwanangu mgongoni nikavuka. Nilimkuta mama uani anabangua karanga, kaka akiwa shambani. Nilipiga magoti nikamshika miguu. Nilitaka anieleze baba aliugua nini, alisema nini. Alinieleza kwa ufupi: kifua, halafu homa. Alimwosha yeye mwenyewe, hakukubali wanaume wamguse kabla yake, kisha wakamzika kando ya dada.

"Twende ukakae kwangu," nilimwambia. "Kule unajulikana. Wanawake wote wanakuulizia."

Alitafakari, nami nikangoja kama baba alivyokuwa akingoja.

"Hawa wawili niwaachie nani?" alisema mwishoni. Akasogeza ungo kati yetu ili nami nibangue, akamchukua mwanangu, akamwangalia meno.

Nilikaa naye kiangazi chote. Tulilima pamoja, tukapaka udongo ukuta wa upande wa mvua, na jioni aliniuliza majina ya watu wa ng'ambo mmoja mmoja, nani amezaa, nani amekufa. Mawingu yalipoanza kukusanyika alinifungia unga na karanga, akaniambia niwahi. Alinisindikiza mpaka mwisho wa mashamba, akasimama. Niligeuka mara nyingi, na kila nilipogeuka nilimwona bado amesimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine akiukinga uso na jua.